Hodi Kwenye Televisheni

Injinia alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, kichwa na mabega vimezama chini ya kabati la televisheni, miguu yenye soksi zilizotoboka visigino imetokeza katikati ya sebule. Kutoka huko chini alikuwa akiisema ruta, kisanduku cha kugawa mtandao, kama mtu anayemsema mtumishi mvivu.

"Mama Pacha, washa!"

"Niwashe nini?"

"Washa bwana, unanipotezea muda. Haya, zima. Nimesema zima!"

Mke wake alikuwa amekaa mezani mbele ya kompyuta yake, hana cha kuwasha wala cha kuzima. Kitufe pekee kilichokuwa na maana kilikuwa huko huko chini, nusu shubiri kutoka kwenye pua ya Injinia. Hata hivyo alijibu, "Nimezima," na Injinia akaguna kwa kuridhika, maana shida yake haikuwa kuzimiwa kitu. Shida yake ilikuwa kuitikiwa.

"Mwache mwanangu afanye kazi," alisema mama yake Injinia kutoka kwenye kochi. Alikuwa anatia dawa ya macho: kichwa nyuma, mdomo wazi, tone moja jicho hili, tone moja jicho lile, kisha anahesabu mpaka ishirini bila kupepesa. "Mtu wa akili hasumbuliwi akiwa kazini."

Jina la Injinia alipewa na kinyozi mwenye banda chini ya jengo, siku alipomfungulia simu iliyokuwa imejifunga. Alilipokea bila haya. Kazini kwake, kwenye ghala la mabomba na masinki, walimwita "yule wa wino," kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubadilisha wino wa printa na kuchomeka tena waya uliochomoka mtu alipoupiga teke. Jina hili la pili halikuwahi kupanda ngazi likafika nyumbani.

Baada ya dakika arobaini alitambaa kinyumenyume, vumbi limemkaa kwenye nyusi kama unga, akasimama, akajipangusa magoti.

"Nimelipata tatizo," alisema. "Ni waya."

Waya ukabadilishwa. Mama Pacha akatazama namba kwenye kioo cha kompyuta. Zilikuwa pale pale.

"Zipe muda," alisema Injinia, akashika rimoti.

Muda ndio uliokuwa haupo. Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kuandika maneno chini ya picha. Alikuwa katika ushirika wa watu hamsini na watatu, waliotawanyika miji mbalimbali, waliotengeneza masomo ya video kwa wanafunzi viziwi: mwalimu anaongea, maneno yanatokea chini. Mafaili yenyewe yalikuwa makubwa mno na ushirika haukuwa na ghala la kuyaweka. Kwa hiyo kila mwanachama aliyatunza kwenye mashine yake na kuwagawia wenzake moja kwa moja, mashine kwa mashine, kipande kwa kipande. Sheria ilikuwa moja, nayo haikuwa na mjadala: ukichukua, utoe angalau nusu ya ulichochukua. Asiyetoa aliitwa kupe.

Mama Pacha alikuwa amechukua giga themanini. Alikuwa ametoa sita.

Asubuhi ya Jumatatu hiyo Mratibu wa ushirika, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kuiona sura yake, aliandika kwenye ukurasa wa kundi, mbele ya wote: "Tuna kupe watatu. Wawili nimewatoa. Wa tatu ni Mama Pacha. Ijumaa saa sita mchana ikikukuta hujafika arobaini, nawe unatoka, na masomo yako anapewa mwingine." Chini yake mtu mmoja asiye na kazi alikuwa ameweka picha ya kupe aliyevaa miwani. Mama Pacha alivaa miwani.

Haikuwa uchoyo. Wiki tatu mfululizo kompyuta yake haikuzimwa, labda umeme uzime. Somo la sehemu, lile la nusu na robo na theluthi, alikuwa amelimaliza yeye, lilikuwa kwenye mashine yake tu duniani, na watu kumi na mmoja walikuwa wanalingoja. Lilikuwa linawafikia kwa matone. Na kazi hii ndiyo iliyowaweka pacha wake wawili shule ya bweni, na ndiyo iliyoshika nusu ya kodi ya nyumba, jambo ambalo Injinia hakupenda litajwe mbele ya wageni.

*

Jumanne tatizo lilikuwa ukuta.

"Ukuta huu una nondo," alisema Injinia, akiugonga kwa kidole kilichokunjwa na kusikiliza, kama daktari. "Nondo zinanyonya mawimbi."

Kompyuta ikahamishiwa dirishani. Dirishani hapakuwa na meza, kwa hiyo ikawekwa juu ya ubao wa kupigia pasi, na Mama Pacha akafanya kazi yake amesimama, ameuweka mguu mmoja juu ya mwingine kama korongo, akiandika maneno ya mwalimu wa sayansi kuhusu uyeyukaji wa chumvi. Jioni tatizo likawa friji. Friji likachomolewa, maziwa yakachacha. Baada ya hapo tatizo likawa redio ya mama.

"Redio yangu imefanya nini?" aliuliza bibi wa pacha.

"Inaingiliana, mama."

"Inaingiliana na nani? Mimi nasikiliza taarifa ya vifo tu."

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Bibi alitoa betri mbili kwenye redio yake, akazifunga kwenye ncha ya leso, akaitazama ncha ile kwa huzuni. Lakini hakubisha. Mwanawe akitamka neno "kitaalamu," bibi aliona fahari mpaka masikio yakampata joto.

"Na ule mlango?" aliuliza Mama Pacha. "Kwenye kundi wanasema lazima ruta iwe na mlango ulio wazi, unaoelekezwa kwenye mashine yangu. Bila hivyo mwenzangu akitaka kuja kuchukua kitu kwangu, anaishia nje."

"Mlango niliufungua mwaka jana ulipoanza kazi. Kwa mkono huu." Injinia akauinua mkono wenyewe waushuhudie. "Labda huko kwenye kundi lenu kuna mtu anayejua ruta ya nyumba hii kuliko mimi?"

Mama Pacha alirudi kwenye ubao wa pasi. Alikuwa anatazama namba. Giga sita na nukta mbili.

*

Jumatano alitumwa kwenye ofisi ya watu wa mtandao. Injinia hakwenda mwenyewe. Alisema akienda watabishana naye kwa wivu.

Ofisi ilikuwa na viti kumi na viwili vya plastiki vilivyounganishwa kwa bomba moja la chuma, hivyo mtu mmoja akichezesha mguu, foleni nzima inatikisika. Mama Pacha alitikiswa saa mbili na mzee mmoja mwenye wasiwasi wake. Zamu yake ilipofika alimkuta karani msichana, kucha ndefu za rangi ya zambarau, anayebonyeza kompyuta kwa ncha za kucha hizo, tik tik tik, kama kuku anayedonoa bati.

"Kwenu mna kasi ya megabiti ishirini kushuka, yaani kupokea, na ishirini kupanda, yaani kutuma," alisema karani. "Nimepima sasa hivi. Yote inafika mpaka kwenye ruta yenu."

"Mbona mimi kupanda sipati hata moja?"

"Ruta inashughulikiwa na nani hapo nyumbani?"

"Mume wangu. Ni mtu wa mambo hayo."

Karani akamtazama kwa mara ya kwanza. "Fundi wa kazini, au fundi wa jioni?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni akacheka, akajaribu kukificha kicheko kwenye kikohozi, ikashindikana.

"Usikasirike, dada," alisema karani. "Kwa siku napokea wake kumi waliotumwa na mafundi wa jioni. Mafundi wenyewe siwaoni. Sasa sikiliza: laini yenu ina anwani yake peke yake, hamchangii na jirani. Mkifungua mlango huko ndani, nje unaonekana. Sisi hatujawafungia kitu. Chukua hii umpelekee." Akamchapia karatasi yenye vipimo vyote, akaigonga muhuri.

Injinia aliisoma karatasi ile akiwa amesimama. Aliisoma haraka, kama mtu anayejua mwisho.

"Waongo hawa," alisema. Akaikunja mara nne, akainama, akaichomeka chini ya mguu mfupi wa kabati la televisheni. Kabati likaacha kuyumba. Ndiyo kazi ya kwanza ya ufundi iliyofanikiwa wiki ile.

*

Alhamisi mchana Mratibu alimwonea huruma, au alichoka. Akamwagiza mwanachama mmoja aitwaye Kobe ampigie simu. Jina hilo alijipa mwenyewe kwa kuwa alizungumza polepole, na kila alipouliza swali alingoja jibu lote lifike, hata kama lilikuja na machozi.

"Mama Pacha, nimepiga hodi kwenye mlango wako kutoka huku kwangu," alisema. "Nakataliwa papo hapo."

"Umefungwa?"

"Hapana, ndiyo ajabu yenyewe. Mlango uliofungwa hunyamaza tu, nawe unabisha hodi mpaka uchoke. Huu unajibu: hapana. Maana yake hodi yangu inaingia ndani ya nyumba, ila inapelekwa kwa mashine nyingine isiyonijua. Kompyuta yako ina namba gani hapo ndani?"

Akamwelekeza pa kuangalia. Namba iliishia na saba.

"Na huo mlango, ruta inaupeleka namba ngapi?"

"Sijui. Ruta haifunguki kwangu. Paswedi anayo mwenzangu."

Kobe alinyamaza kidogo. Ulikuwa ukimya wa adabu, na ulimuuma Mama Pacha kuliko yule kupe mwenye miwani.

"Mwombe," alisema Kobe. "Halafu kuna jambo la pili. Hata wale wachache ambao mashine yako inawatafuta yenyewe, wanapata kasi ile ile asubuhi, mchana, jioni. Kilobaiti nne kwa sekunde. Mtandao mbovu huyumba, mama. Huu wako hauyumbi. Ni kama mtu ameupimia kwa kikombe."

Mama Pacha aliandika kwenye daftari lake: *saba. mlango unakwenda wapi? kikombe.* Neno la mwisho alilipigia mstari, ingawa hakujua bado kwa nini.

Jioni kulikuwa na mpira. Kinyozi alipanda na ndala zake na kiti chake mwenyewe, akakaa mbele ya televisheni, akapumua kwa raha.

"Kwako picha haikatiki, Injinia. Mimi kule kwangu, kila wakikaribia goli tu, kiduara kinazunguka. Nikirudi nakuta wameshakumbatiana."

"Ni ufundi," alisema Injinia, akivuta suruali magotini.

"Fundi ni fundi bwana. Mtaa mzima wanasema: mpira uko kwa Injinia."

Mama Pacha alikuja akasimama kando ya kochi, daftari mkononi.

"Baba Pacha, naomba paswedi ya ruta."

"Ya nini?"

"Nataka kuangalia mlango unaelekezwa namba ngapi."

Injinia akamgeukia kinyozi, mdomo umemkaa upande. "Umesikia? Namba ngapi."

"Shemeji," alisema kinyozi bila kutoa macho kwenye kioo, "mwachie mwenye fani."

"Kesho saa sita wananitoa."

"Wakikutoa utapata wengine. Watu wanaotishana mitandaoni, hao nao ni watu?" Injinia alinyanyua rimoti, akaongeza sauti nukta mbili. "Ruta si sufuria, Mama Pacha, kila mtu akafunue kuona kama kimeiva. Mpira ukiisha nitaangalia."

Kinyozi alicheka mpaka kiti kikalia. Mama Pacha alisimama pale kwa muda wa kona moja na mpira mmoja wa kurushwa, kisha akarudi kwenye ubao wake wa pasi. Mpira uliisha. Injinia alimsindikiza kinyozi hadi ngazini, wakarudia magoli yote mawili kwa mikono na miguu, kisha akarudi ndani akaenda kulala. Ruta ilibaki chini ya kabati ikiwasha taa zake za kijani, haijaguswa.

*

Ijumaa saa moja na nusu, Injinia alipokwisha kutoka, Mama Pacha alimfuata mama mkwe wake chumbani. Bibi alikuwa anakunja blanketi lake, pembe kwa pembe.

"Mama, Baba Pacha huwa anaziandika wapi paswedi zake?"

"Kwenye karatasi."

"Iko wapi karatasi?"

"Ninayo mimi." Bibi hakugeuka. "Alinipa nitunze. Alisema wewe una mikono mirefu."

Miaka kumi na minne ya ndoa, na mikono yake ilikuwa mirefu. Mama Pacha alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakulia. Aliishika tu pembe moja ya blanketi ili bibi amalizie kukunja.

"Mama, saa sita kazi inaondoka."

"Nimesikia. Mimi naumwa macho, siumwi masikio." Bibi aliweka blanketi, akalipiga kofi likae sawa. "Dawa yangu ya macho ananunua nani?"

"Mimi."

"Na yeye mwezi huu amenunua nini?"

"Rimoti."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Mwanangu namjua, nimemzaa mimi. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua saa ya mkononi ya baba yake. Akairudishia, akabaki na vyuma vitatu kiganjani. Akamwambia baba yake: saa hii ilikuwa na vyuma vya ziada. Wewe unajua tulifanyaje? Tulicheka. Tukawahadithia majirani kwamba mtoto ana kipaji." Alifungua sanduku lake, akaingiza mkono chini kabisa, chini ya leso za siku ya kuvaa, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa. "Mimi humu ndani sina upande. Nina macho mawili, na chupa imebaki na matone ya wiki moja. Chukua."

Kobe alikuwa tayari kwenye simu. Mama Pacha aliandika neno la siri herufi moja moja, bibi amekaa karibu yake, anakodoa macho kwenye kioo asichokiona vizuri, na ukurasa wa ruta ukafunguka. Ulikuwa ukurasa wa kawaida tu, wa rangi ya kijivu na bluu, wenye orodha. Mwaka mzima alikuwa ameogopeshwa na orodha.

"Tafuta palipoandikwa milango," alisema Kobe.

"Nimepaona. Upo mmoja. Unapelekwa kwenye namba kumi na mbili."

"Na kumi na mbili ni nani?"

Mama Pacha alishuka kwa kidole kwenye orodha ya mashine za nyumba. Injinia alikuwa ameziandika majina mwenyewe, kwa herufi kubwa. Saba: YA MAMA PACHA. Kumi na mbili: RUNINGA, namba ya kudumu.

"Ni televisheni," alisema.

Kobe alikohoa. "Nadhani kumi na mbili ilikuwa yako mwaka jana, mlango ulipofunguliwa. Umeme ukikatika ruta hugawa namba upya. Mtu alipokuja kuipa televisheni namba ya kudumu, aliipa ile ya kwako, na mlango akauacha palepale. Kwa hiyo watu kumi na mmoja, wiki tatu…"

"Wamekuwa wanapiga hodi kwenye televisheni," alimalizia Mama Pacha.

Bibi alicheka. Alicheka mpaka dawa yote ya asubuhi ikamtoka machoni. "Na yenyewe ikiwajibu: sipo, natazama mpira!"

Lakini Mama Pacha hakuwa amemaliza. Neno lile lililopigiwa mstari lilikuwa bado kwenye daftari. Alifungua kurasa moja baada ya nyingine, polepole, mpaka akafika pa kugawia kasi. Kulikuwa na kanuni moja, imewekwa wiki tatu zilizopita, Jumamosi ambayo ligi ilifunguliwa. RUNINGA: kwanza kabla ya wote. YA MAMA PACHA: kupanda, mwisho nne. Na kwa kuwa ruta hutaka kila kanuni ipewe jina, Injinia alikuwa ameipa jina, kwa fahari, kwa herufi zake zile kubwa: MPIRA BILA KUKATIKA.

Alilisoma kimya. Kisha akalisoma kwa sauti, kwa ajili ya bibi.

Bibi hakucheka safari hii. Alitazama pale sakafuni mbele ya kabati, mahali ambapo mwanawe alikuwa amelala kifudifudi Jumatatu, akitafuta kitu alichokiweka mwenyewe, na kwa ajili hiyo akakatisha redio ya mama yake.

"Ifute," alisema.

Mama Pacha aliifuta. Kompyuta yake akaipa saba iwe namba yake daima, mlango akauelekeza saba, akahifadhi. Taa za ruta zikazimika zote, zikarudi moja moja. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Kwenye kioo waliunganishwa wawili, kisha watano, kisha tisa, wakiingia kama watu waliofunguliwa geti. Kumi na mmoja. Kasi ilipanda toka nne mpaka mia saba, ikapita elfu moja, ikapita elfu mbili, na somo la nusu na robo na theluthi likaanza kutoka ndani ya nyumba ile kwa wingi. Mama Pacha alivuta kiti, akakiweka mbele ya ubao wa pasi. Kilikuwa kifupi, kidevu chake kikawa sawa na herufi. Akakaa hivyo hivyo.

Saa nne alikuwa na ishirini na tano. Saa tano, thelathini na tatu. Umeme uliyumba mara moja, taa ya sebuleni ikafifia, bibi akashika mkono wake kwa nguvu za ajabu, umeme ukakaa. Saa sita kasoro dakika tisa namba ikasoma arobaini.

Mratibu aliandika mstari mmoja: "Mama Pacha amefika. Anabaki." Hakuomba radhi. Picha ya kupe ikatoweka bila mtu kujitaja.

*

Injinia alirudi kula mchana saa saba. Kabla hajavua viatu aliwasha televisheni, wakawa wanarudia magoli ya jana. Mchezaji alikimbia, akainua mguu, akaganda. Kiduara kikazunguka.

"Nani amegusa ruta?"

"Mimi," alisema Mama Pacha. Kompyuta ilikuwa imerudi mezani.

"Paswedi umepata wapi?"

"Kwangu," alisema bibi.

"Mama!"

"Usiniite kwa sauti hiyo. Aliyekunyonyesha ni mimi, si ruta."

Mama Pacha alikigeuza kioo upande wake. Kabla ya kufuta alikuwa ameupiga picha ukurasa ule. "Soma."

Injinia alisoma. Midomo yake ilikwenda kidogo kwenye lile neno la mwisho, kisha ikatulia.

"Ilikuwa ya muda tu," alisema.

"Jumatatu ulikuwa huko chini unatafuta nini?"

"Nilikuwa nacheki waya."

"Ungeniambia, nataka mpira. Basi. Ningejua nashindana na nini."

"Ungenielewa?" Sauti yake ilipanda, ikawa nyembamba. "Watu wanakuja hapa kwa sababu hapa haikatiki. Kinyozi anakuja na kiti chake! Wakikuta inakatika kama kwao, watasemaje? Wataniita nani?" Aliangalia huku na huku kwenye sebule yake, kochi, kabati, friji lililonuka maziwa, kama anayetafuta shahidi. Mama yake alikuwa anarudisha betri kwenye redio, moja, halafu ya pili. Injinia akateremsha sauti, akamsogelea mkewe, akatabasamu. "Sasa, Mama Pacha, si yamekwisha? Umefika arobaini, umebaki kazini. Irudishe basi kidogo. Hata mia. Leo kuna mechi saa moja."

"Hapana," alisema Mama Pacha.

Injinia, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi, alibaki amesimama na tabasamu lake halina pa kulitua.

Kompyuta ikalia. Kobe alikuwa ametuma fomu. Ushirika ulitunza daftari la matatizo, ili mwanachama mwingine akipatwa na kama hilo asihangaike wiki nzima, na kila aliyetatua kitu alitakiwa kuandika. Mama Pacha akavuta kiti. Injinia akasoma juu ya bega lake.

"Wanaisoma watu wangapi hiyo?"

"Hamsini na watatu."

"Andika ni watu wa mtandao." Akangoja. "Au umeme. Umeme kila mtu anaujua." Akangoja tena. "Mama Pacha, mimi ni mume wako."

Fomu iliuliza chanzo: mtoa huduma, waya, kifaa, mengineyo. Mama Pacha aliweka alama kwenye mengineyo, na pale pa maelezo akaandika: *Mtu mmoja hapa nyumbani alinipunguzia kasi kwa makusudi ili atazame mpira, na mlango akauelekeza kwenye televisheni kwa kutojua.* Alirudi akasahihisha koma moja. Ilikuwa kazi yake, koma.

Swali la mwisho liliuliza kama tatizo limetatuliwa. Nyuma yake Injinia alikuwa ameketi, rimoti mkononi, akimwangalia yule mchezaji aliyeganda mguu juu, akingoja mtu amwambie cha kufanya. Redio ya bibi ilikuwa inasoma majina ya marehemu. Mama Pacha alifikiri kidogo, kwa sababu fomu hii watu wangeitegemea, akaandika:

*Kasi, ndiyo.*